Tulivyokuwa Walezi wa Darasa la Sanaa

Kamati ilitaka ukurasa huu ueleze habari za hisa na mikopo. Hizo mweka hazina amekwisha kuzieleza, na anazijua kuliko sisi. Tumeona afadhali tueleze habari za darasa la sanaa la wasichana pale kanisani, maana hilo nalo ni historia ya kikundi, ingawa halimo kwenye daftari la hisa.

Kazi ya akina mama kulea mabinti ambao hawakuwazaa haikuanza na sisi. Katika mkoa huu ni ya zamani, na kwa upande wa makanisa ilianzia Karema, kule ziwani, ambako siku hizi watu wanakujua kwa sababu ya bandari. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakwisha, na mapadre walikuwa wakikomboa watoto na kuwalea misheni. Hata Mzee Adrien Atiman, yule daktari na katekista aliyefika Karema mwaka 1889 akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, alikuwa mtoto aliyeuzwa utumwani huko Afrika Magharibi na kukombolewa. Basi miaka ya 1890 wakaja Masista Weupe kwa ajili ya wasichana. Baadaye, wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, mabinti wa huku huku kwetu wakaingia utawa, na huo ndio mwanzo wa Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Yaani waliolelewa wakawa walezi. Jambo hilo tulilisikia utotoni, lakini maana yake tumeijua ukubwani.

Mwaka wa kwanza wa kikundi chetu, sista mmoja alikuja kwenye mkutano wetu, akasubiri tukamaliza kununua hisa, ndipo akasema shida yake. Alikuwa na wasichana wanaojifunza kuimba, kuigiza, kushona na kudarizi vitambaa vya altare. Mwalimu alikuwepo. Walezi ndio hawakuwepo. Alitaka akina mama wa kujitolea, na alisema wazi kwamba hakuna posho, hata ya soda.

Tulibishana sana siku ile. Wenzetu Waislamu waliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mfuko wa jamii, ambao wao pia wanauchangia, ununue nyuzi za kanisani. Tukakubaliana mfuko usiguswe, anayetaka atoe chake. Halafu mmoja wa hao hao waliouliza, fundi cherehani, akasema binti wa jirani yake yumo mle ndani, kwa hiyo yeye atakwenda kufundisha kukata, ila siku ya kuimba asitafutwe. Mpaka leo anakwenda.

Tulianza tukiwa wanne. Na hapa tuseme ukweli, maana kijitabu cha sifa tupu hakina faida. Mwanzo tulidhani mlezi ni msimamizi. Tulikagua mishono, tulifumua iliyokwenda upande, tulikemea waliochelewa. Kulikuwa na binti mmoja mpole, anakaa nyuma, anadarizi vizuri kuliko wote. Wiki tatu hakuonekana. Tulisema labda yupo shamba, ulikuwa msimu wa mpunga. Kumbe ameozwa, amepelekwa mbali. Wenzake walijua siku zote. Tulipowauliza kwa nini hawakutuambia, mmoja akajibu, "Mama, hamkutuuliza."

Neno lile lilitunyamazisha. Jambo lenyewe halikuwa geni huku kwetu: utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchi nzima, wasichana 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wajawazito, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 27. Sisi tulikuwa tunahesabu mishono.

Tukabadilika. Kila mlezi akachukua wasichana watatu, akajua kwao, akajua wanalala na nani na wanakula nini, akawa anapita nyumbani kusalimia tu. Tukaacha kusimama, tukakaa mkekani na vitambaa vyetu mapajani. Kudarizi kuna siri yake: mikono ina kazi, macho yako chini, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Binti anaanza kusema mwenyewe. Katika kikao rasmi asingefungua mdomo.

Mwaka uliofuata mmoja akapata mimba akiwa anaimba sauti ya pili. Wako waliosema aondoke asiharibu wengine, na tusijifanye, hata kati yetu wanakikundi wapo waliosema hivyo. Sisi walezi tulikataa. Tulisema akiondoka hapa atakwenda wapi? Tulishindwa kwenye kwaya, tukashinda kwenye kushona: akaruhusiwa kubaki mkekani. Ilipotangazwa Novemba 2021 kwamba serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, mlezi wake ndiye aliyekwenda kukaa na baba yake, mara tatu, mpaka mzee akasema haya, aende. Kidato cha nne alimaliza. Mtoto tulikuwa tunapokezana wakati mama yake yuko darasani.

Sasa hivi yeye ni mlezi, na ana wasichana wake watatu. Yule aliyeozwa tulimtafuta, tukaambiwa wamehama na ng'ombe, hatujampata. Kitambaa alichoacha nusu kipo kabatini. Sista wa sasa aliuliza kama akimalizie mtu mwingine, tukamwomba akiache.

Darasa linaendelea kila Jumamosi saa nane mchana. Wasichana wameongezeka kuliko sisi, tunahitaji akina mama wawili, wa dini yoyote. Cherehani ya pili mkanda wake umekatika.