Pangi: mshumaa unawaka ndani ya shimo, lakini hewa inaweza kuua

Katika teritware ya Pangi, watu wanachimba kasiterite tangu wakati wa Wabeleji. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, ikaingia ndani ya Sominki mwaka 1976, na mwaka 1997 Sakima ikachukua nafasi. Leo kazi kubwa iko mikononi mwa wachimbaji wa mkono, wale tunaita makrezeri.

Kama madini yako karibu na mto, kazi inafanyika juu: wanachimba udongo na kuusafisha kwa maji. Yakielekea chini, ndipo shimo linaanza. Wanashuka wima mpaka kukuta mshipa wa jiwe, kisha wanaufuata kwa pembeni ndani ya galeri, kwa nyundo, patasi na baramina. Miti inasimamishwa kushikilia dari. Sheria ya madini inaweka mwisho kwenye mita 30, lakini mshipa wenyewe hausimami hapo.

Kila mtu anaogopa dari kuanguka, na ana sababu. Hewa haiogopwi vya kutosha.

Shimo likijaa maji, wanaleta motopompe. Mashine hiyo ikibaki juu, haiwezi kuvuta maji yaliyo chini kupita mita 7 ao 8 hivi. Ndiyo maana watu wanaishusha ndani ya shimo, na moshi wake unabaki kule. Moshi huo una monoksidi ya kaboni: haina rangi, haina harufu. Wengi wanashuka na mshumaa, ukizimika, wanapanda. Ni kweli mshumaa unazimika kama oksijeni imepunguka. Lakini hauonyeshi sumu hii hata kidogo. Ikifika sehemu 4 tu kwa 1.000 za hewa, mtu anaweza kufa mbele ya saa moja kuisha, na mshumaa bado unawaka vizuri.

Wabeleji wenyewe wanaijua. Tarehe 8 Agosti 1956, moto uliwaka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, kule kwao. Watu 262 walikufa, wengi kwa moshi na sumu hiyo, si kwa mawe.

Basi injini ibaki inje, mbali na mdomo wa shimo. Maji yatolewe kwa ndoo na kamba, ao kwa pompe ya umeme ambayo jenereta yake iko juu. Kichwa kikiuma, miguu ikilegea, ao mtu akitaka kutapika, wote wapande palepale, hata kama gunia halijajaa. Mwenzako akianguka chini, usimfuate mbiombio: mara nyingi ni mwokoaji anayekuwa maiti ya pili. Kila anayeshuka afungwe kamba kiunoni, ili walio juu wamvute.

Mvua nayo ina hatari yake. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, Kivu ya Kusini, maji ya mvua yaliingia ndani ya mashimo ya dhahabu, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kama kuna galeri ya zamani karibu, inaweza kuwa imejaa maji: ukuta ukitoa jasho, acheni kupiga.

Vumbi la jiwe linaua polepole, kwa kuharibu mapafu miaka na miaka. Kumwagia jiwe maji mbele ya kulipiga kunalipunguza sana.