Safari Isiyo ya Lazima

Mwaka 2020 niliendesha pikipiki kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yangu, na nyingi ya safari hizo zilikuwa za kujifurahisha. Kwa muda mrefu sikupenda kulisema hili mbele za watu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari jijini Mwanza. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alifunga shule kwa siku 30, akazuia mikusanyiko na kusimamisha ligi ya mpira. Siku 30 zikaongezwa, na shule zetu zikaja kufunguliwa tarehe 29 Juni, isipokuwa kidato cha sita waliorudi mapema mwezi huo. Kwa zaidi ya miezi mitatu sikuwa na kipindi cha kufundisha. Nilikuwa na chumba cha kupanga, rundo la madaftari yasiyo na mwenyewe, na Boxer niliyokuwa nimemaliza kuilipia mwezi Januari.

Baba alikuwa anaishi peke yake Magu, kama kilomita 60 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Kila Jumapili nilikuwa nawasha pikipiki mapema, napita Igoma, Kisesa, mpaka kwake. Nilikuwa namwamkia kwa mbali kidogo, "Mwangaluka, baba," yeye anaitika na kunikaribisha kiti kilekile cha siku zote, karibu na chake. Tukishakunywa chai alikuwa anavaa koti lake la kijivu na kupanda nyuma. Tulikuwa tunakwenda Lamadi. Hatukuwa na shida yoyote Lamadi. Tulikwenda kwa sababu barabara pale ina ziwa upande mmoja na Serengeti upande wa pili, na kwa sababu rafiki yake wa zamani, dereva mstaafu wa malori, alikuwa anakaa karibu na stendi. Wazee wale walikuwa wanazungumza saa mbili, mimi naangalia nyani wakivuka lami. Watalii hawakuwapo. Wahudumu wa nyumba za wageni walikaa nje wakicheza bao.

Kiswahili chetu hakitofautishi sana mambo haya. Kutembea ni kwenda kwa miguu. Kutembea pia ni kumzuru mtu, na ni kupunga upepo. Mtu akikukuta mlangoni akauliza kuna nini, unajibu, "Nimekuja kutembea tu," na jibu hilo linatosha. Mwaka ule, karibu dunia nzima, halikutosha tena. Kila aliyekutwa njiani alitakiwa kusema kama safari yake ni ya lazima.

Ng'ambo ya ziwa swali hilo liliulizwa kwa ukali. Dada yangu ameolewa Masaka, Uganda, na mumewe ni mwendesha bodaboda. Tarehe 25 Machi Rais Museveni alipiga marufuku usafiri wa umma, na bodaboda zikaambiwa zibebe mizigo tu. Siku tano baadaye magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, pamoja na kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari lake alipaswa kupata kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Wajawazito walitembea usiku kwa miguu kutafuta wakunga, na wengine walipoteza maisha, mpaka serikali ikaruhusu waende bila kibali.

Shemeji alinipigia simu mwezi Aprili. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, kisha akaniuliza, "Shemeji, ni kweli kwenu mtu anapanda pikipiki anakwenda kuangalia ziwa tu?"

"Ni kweli."

"Na polisi wanasemaje?"

"Wanauliza leseni."

Akacheka, halafu akanyamaza. Pikipiki yake ilikuwa imesimama sebuleni, imefunikwa shuka. Hakuruhusiwa kubeba abiria tena hadi tarehe 27 Julai. Mimi nilikuwa nachoma mafuta kwa raha zangu. Yeye pikipiki ndiyo ilikuwa ugali wa nyumba yake.

Kenya nayo iliweka kafyu tangu tarehe 27 Machi. Siku chache baadaye, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye baraza la ghorofani kwao, wakati polisi wakisimamia amri hiyo mtaani. Tarehe 16 Mei mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kwa watu, yakabaki malori ya mizigo, na pale Sirari madereva walisubiri vipimo. Mbali zaidi, Uingereza, polisi wa Derbyshire walirusha ndege ndogo isiyo na rubani kuwapiga picha watu waliokuwa wameendesha magari kwenda kutembea milimani, wakaionyesha dunia kwamba ile haikuwa safari ya lazima. Wenye vindege vyao vya kurukia wikiendi waliambiwa wabaki chini. Nilisoma habari hizo kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya jiwe kando ya ziwa, na kofia ya pikipiki magotini.

Kwetu amri ya kufungiwa ndani haikuja. Rais Magufuli aliikataa waziwazi. Alisema watu wakifungiwa watakufa njaa, na hoja hiyo kila muuza dagaa wa Kirumba aliielewa bila kufafanuliwa. Makanisa na misikiti vilibaki wazi. Ndege za kimataifa zilisimamishwa mwezi Aprili na kuruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Rais mwenyewe alikuwa Chato, mji ulio kwenye ufukwe wa ziwa hilihili, magharibi yetu, na ni kutoka huko, tarehe 3 Mei, alipolieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara na majibu yakaonyesha zina korona. Takwimu za mwisho zilizotangazwa zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo hesabu haikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Mwezi Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha.

Jumapili moja ya mwezi Mei nilimsimulia baba habari za shemeji. Nilidhani atashangaa. Akasema, "Hilo si jipya. Hata baiskeli ya babu yako ilikuwa inasimamishwa."

Babu alikuwa na Raleigh. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 dada yake alikuwa ameolewa Geita, na babu alikuwa anavuka ziwa na kuendesha baiskeli kumtembelea, baba akiwa mtoto nyuma kwenye keria. Njiani kulikuwa na kizuizi cha mbung'o. Mtu wa serikali alitoka na wavu, akaizunguka baiskeli, akakagua magurudumu, kisha mgongo wa babu na miguu ya mtoto, akitafuta inzi. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda nguo za rangi ya giza. Anaweza kudandia baiskeli au gari porini na kushukia kijiji ambacho hakijawahi kuwa na malale. Kwa hiyo magari, baiskeli na waenda kwa miguu wote walisimama. "Kila safari alimuuliza babu yako anakwenda kufanya nini," baba alisema. "Babu alijibu anakwenda kutembea. Yule mtu alikuwa anacheka anatuachia."

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, hasa kwenye mwambao na visiwa. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alifika hapa Mwanza, kisha akahamia visiwa vya Sese, ambako aliwachoma wagonjwa sindano za Atoxyl. Baadhi yao walipofuka. Mwaka huohuo Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza wa Uganda, aliamua kuwaondoa watu ufukweni, maili mbili kutoka majini. Kufikia 1909 visiwa vya Sese vilikuwa vimehamwa. Uvuvi na mitumbwi vikapigwa marufuku.

Mtumbwi ule ulikuwa unabeba kila kitu. Samaki, ndizi, mahari, mganga, bwana harusi, na kijana aliyekuwa akienda kisiwa cha pili kwa sababu jioni ilikuwa nzuri. Amri haikuwa na safu ya kijana huyo. Kwa mtawala ulikuwa chombo cha kusambaza ugonjwa, na kwa hesabu ya inzi hakukosea: waliohamishwa mbali na maji waliepuka kuumwa. Lakini walipoteza ziwa, na wengi hawakurudi kwenye viwanja vya babu zao.

Upande wetu, chini ya Waingereza, mlipuko ulioanza Maswa mwaka 1922 ulileta utaratibu wa kuwakusanya watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika na kuwaweka kwenye makazi ya pamoja. Kule Shinyanga, Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o, alishirikiana na watemi kuwatoa maelfu ya watu kufyeka vichaka. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege karibu na Singida, pamoja na mwanabotania wake, B. D. Burtt. Vizuizi vya barabarani viliendelea baada yake, na baba na babu wakavikuta.

Nilichojifunza kwenye kurasa hizo ni kwamba kila ugonjwa uliopita kandokando ya ziwa hili ulimpa mtu fulani kazi ya kuamua ni safari gani ina maana. Mwaka 1906 alikuwa mtawala, miaka ya 1950 mtu wa wavu, mwaka 2020 ofisa wa wilaya kule Masaka. Safari ya kutembea tu huwa ya kwanza kukatwa, kwa kuwa anayeandika amri huiona kama anasa. Watu wa huku wanajua kwamba ndani ya kutembea ndimo tunamofanyia mambo makubwa. Babu alikuwa anakwenda kutembea, na kwa kutembea huko alijua kama dada yake anapigwa au hapigwi. Mimi nilikuwa nakwenda kutembea, na kwa kutembea huko nilijua kama baba amekula.

Hapo ningependa kuishia, lakini kuna Februari 2021.

Mwezi huo misiba iliongezeka. Hatukutaja ugonjwa kwa jina. Tulisema "changamoto ya kupumua", tukasema "nimonia", tukachemsha malimao na tangawizi na kujifukiza chini ya mablanketi. Tarehe 17 Februari Zanzibar ilimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana korona, na siku hiyohiyo akafa John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Baba aliugua wiki hiyo. Kwa siku kumi na moja nililala sakafuni kwake nikihesabu pumzi. Alipona. Rafiki yake wa Lamadi aliugua siku tatu baada yake, akafa.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumekaa kwake, sisi watatu, kwenye benchi moja, tukinywa chai kwa vikombe alivyosuuza kwenye beseni. Mimi nilikuwa na kikohozi kidogo. Nilisema ni vumbi la barabara.

Hakuna mtu wa wavu aliyenisimamisha Igoma. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda kufanya nini, na wala sikuwa na hesabu ya wagonjwa ya kunisaidia kujiuliza mwenyewe. Shemeji alinyimwa njia, watoto wake wakalala na uji, na akaweza kusema ni serikali. Mimi niliachiwa njia, kwa hiyo kila nilichobeba nyuma ya ile pikipiki kilikuwa changu. Sitamani kizuizi cha Masaka. Naijua gharama yake, niliisikia kwenye simu. Ila sidanganyi kwamba uhuru wetu haukuwa na bei. Bei ililipwa kimyakimya, na waliolipa hatukuwahesabu.

Mtoto wa yule mzee bado ananisalimia vizuri tukikutana. Sijawahi kumwambia kuhusu kikohozi.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021; tangazo lilisema ni maradhi ya moyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani, uzinduzi wa chanjo nchini. Mwezi Agosti nilimpeleka baba kituo cha afya. Alikaa nyuma yangu, na koti lake la kijivu, na barakoa ya kitenge aliyoshonewa na jirani. Walimchoma bega la kushoto. Tulipotoka nilielekeza pikipiki nyumbani.

"Zungusha," alisema. "Twende Lamadi."

"Baba, kule hatuna mtu tena."

"Najua. Tunakwenda kumsalimia mjane."

Tulikaa nje, kila mtu na kiti chake, mbalimbali. Mama yule alileta chai. Baba alimuuliza habari za mahindi, za wajukuu, za paa lililokuwa linavuja. Kikombe changu nilikishika mpaka chai ikapoa. Jua lilipoanza kushuka juu ya ziwa, baba aliaga, akapanda nyuma, tukarudi Magu.