Kuhesabu Umri Katika Milima ya Taita

Zamani, kabla ya kalamu ya serikali kufika milimani, mtu wa Dabida, wa Sagalla au wa Kasigau hakuujua umri wake kwa tarakimu, bali kwa jambo kubwa lililoisibu nchi alipozaliwa: ama njaa ya Mwakisenge, iliyowaangamiza watu wengi mnamo 1884; ama kupita kwa reli Voi, mwishoni mwa karne ile; ama Wajerumani kuitwaa Taveta, Agosti 1914; ama mwaka uliofuata, Waingereza walipowahamisha kwa nguvu watu wa Kasigau hadi Malindi, wasirejeshwe kwao mpaka 1936. Huko Taveta, kadhalika, watu walijipanga kwa marika, na wa rika lako ndiye aliyekuwa sawa nawe.

Kisha kikaja kipande, cheti cha utambulisho cha serikali ya kikoloni, ambacho wanaume walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na karani, asiye na daftari la vizazi mbele yake, akaukadiria umri kwa macho. Kwa kuwa kuandikisha vizazi hakukuwa faradhi kote nchini Kenya mpaka 1971, wazee wengi wamebaki na kitambulisho chenye mwaka wa makisio.

Jambo hili lina uzito mkubwa hospitalini. Saratani aghalabu ni maradhi ya uzeeni, na tabibu hana budi kupima iwapo mwili utaistahimili dawa; nayo elimu ya leo imebainisha kwamba wawili waliozaliwa siku moja huweza kutofautiana sana kwa siha. Ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hufupika kadiri seli zinavyogawanyika; protini ya p16 huongezeka seli zinapochakaa, na imeonekana kupanda kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti kwa tibakemikali. Mwili nao, basi, huhesabu kwa masaibu yaliyoupata.

Vipimo vya damu vya telomea na p16 bado ni vya watafiti zaidi, ilhali vingine havihitaji maabara: mgonjwa huinuka kitini bila kushikiliwa? Hutembea mita nne kwa sekunde ngapi? Mkono wake hubana kwa nguvu gani, na uzito umepungua kiasi gani? Tabibu akiutegemea mwaka wa kitambulisho peke yake, huenda akamnyima dawa mzee mwenye nguvu, au akamtwisha dhaifu mzigo asiouweza. Na aulize, kama walivyouliza wazee wa milimani, mtu huyu amepitia nini.