Boriti na Mizani

Mwalimu anapofundisha utenzi huanza kwa kuhesabu. Mwanafunzi akishaona kwamba kila kipande kina mizani minane, huacha kustaajabu na huanza kuelewa. Nyumba zetu za mawe nazo zina mizani yake, ila ni nadra kumpeleka mtoto akaihesabu.

Nilipata kufuatana na wanafunzi wa shule ya msingi katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja. Hawakupewa tarehe za kukariri. Walipewa kamba, wapime. Wakakuta chumba kirefu sana, lakini upana wake haukufika mita tatu. Cha pili vivyo hivyo, na cha tatu. Binti mmoja akauliza: “Ikiwa mwenyewe alikuwa tajiri, mbona vyumba vyembamba?”

Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyao. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo haiihimili. Hivyo tajiri, pamoja na mali yake yote, alijenga kwa kipimo cha mti. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, zikaezeka vyumba vya upana huohuo. Kamba moja ikawafikisha watoto kwenye biashara ya bahari nzima.

Kisha tukasimama mbele ya Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Hapo mizani ilibadilika: nguzo za chuma kutoka ng’ambo, na baraza pana zilizouzunguka mwili wa jengo. Jumba hilo lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakafa. Sisi washairi tulikuwa tumelisifu kwa miaka mingi, kulisoma hatukujua.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji kupumua. Paa likivuja, au ukuta ukipakwa saruji, maji hubaki ndani na kuula taratibu. Waashi wa zamani walilijua hilo, na wanapungua.

Tulipokuwa tukirudi, yule binti alisimama chini ya mlizamu uliovunjika, akaweka kiganja chake kwenye ukuta uliolowa. Hakuuliza nyumba ile ilijengwa lini. Aliuliza: “Tumwambie nani?”