Upepo wa Baina ya Nyota

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu watarajiwa, niliwaambia wanyoshe mkono, wainue kidole gumba, wafumbe jicho moja na kisha jingine. Kidole huonekana kikihama mbele ya ukuta, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kinavyohama zaidi. Sikulichoka zoezi hilo, kwani ndiyo njia iliyotumika kuitambua gesi inayotiririka kupitia mfumo wetu wa Jua.

Vyombo vya anga vya miaka ya 1960 viliona mng'ao hafifu wa haidrojeni mbinguni. Je, ulitoka mbali, miongoni mwa nyota, au hapa jirani? Setilaiti ya Marekani OGO-5, iliyorushwa mwaka 1968, iliupima Dunia ikiwa mahali tofauti katika mzunguko wake. Sehemu yenye mng'ao mkali ikahama mbele ya nyota, kama kidole kile. Mwaka 1971 Bertaux na Blamont, na wenzao Thomas na Krassa, wakatangaza kwamba inayong'aa ni gesi ya baina ya nyota iliyoingia kwetu na kuangazwa na Jua.

Lakini haidrojeni ni shahidi dhaifu, maana Jua huisukuma na kuiharibu njiani. Heliamu hupenya zaidi, ingawa ni atomu 15 hivi tu katika lita nzima! Chombo Ulysses, kilichorushwa mwaka 1990, kilihesabu atomu zake moja moja na kupata mwendo wa kilomita 26 kwa sekunde, kutoka upande ulio jirani na kundi la nyota la Nge.

Ndipo yakaja mabishano. Mwaka 2012 setilaiti IBEX ilileta kilomita 23. Mwaka uliofuata wataalamu kadhaa wakadai kwamba upepo umegeuka ndani ya miaka 40, yaani ndani ya umri wa mtu kama mimi. Dai zito hilo! Tatizo ni kwamba IBEX huutazama upepo kutoka sehemu moja tu ya njia ya Dunia, na huko mwendo mdogo wenye mwelekeo tofauti kidogo huleta picha karibu ileile. Hesabu za mwaka 2015 zilirudi kwenye kilomita 26, ila gesi ikaonekana kuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa.

Septemba 2025 kilirushwa chombo kipya, IMAP. Kifaa chake kinaweza kuinamishwa, kiufuate upepo huo kwa sehemu kubwa ya mwaka.