Hesabu ya Ubakaji Huanzia Kwenye Swali

Katika muda usiofika miaka 15, Afrika Kusini ilipewa majibu matatu kuhusu jambo moja: kati ya wanawake waliobakwa, ni wangapi waliokwenda polisi? Shirika la takwimu la taifa, likitumia uchunguzi wa wahanga wa uhalifu wa mwaka 1998, lilisema mmoja kati ya wawili. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba wakasema mmoja kati ya tisa. Mwaka 2010 Baraza hilo na shirika la Gender Links walichunguza jimbo la Gauteng, lenye jiji la Johannesburg na mtaa wake wa Mayfair, wakapata mmoja kati ya 25. Ni vigumu kuamini kwamba wanawake walikata tamaa na polisi kwa kasi ya namna hiyo. Kilichotofautiana zaidi ni namna walivyoulizwa. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni: swali lililotungwa vibaya halifichi waliodhulumiwa tu, bali pia huifanya serikali ionekane inawafikia.

Sababu yake inaeleweka. Uchunguzi wa uhalifu humpitisha mhojiwa kwenye wizi, unyang'anyi na kupigwa, kisha humfikisha kwenye kosa la kingono. Anayejibu "ndiyo" ni yule ambaye tayari amekwisha kuamini kwamba alichotendewa ni jinai, na mtu wa namna hiyo ndiye mwepesi zaidi wa kwenda kituoni. Mke aliyelazimishwa na mumewe, au msichana aliyeingiliwa kwa nguvu na mpenzi wake, huenda asijitambue katika orodha ile. Wala si ajabu, kwani sheria yenyewe ilichelewa kumtambua: mpaka mwaka 1993 mume hakuweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe, na tafsiri pana ya ubakaji, isiyobagua jinsia ya aliyetendewa, ilikuja na sheria ya mwaka 2007. Tafiti za kiafya zilishika njia nyingine. Ziliuliza tendo lenyewe: je, umewahi kulazimishwa kwa nguvu kufanya ngono, au kukubali kwa kuogopa utakachofanyiwa? Rachel Jewkes na Naeema Abrahams, watafiti wa Baraza lile, katika tathmini yao ya mwaka 2002, waliweka hesabu mbili kando kwa kando. Polisi walipokea matukio 240 kwa mwaka kwa kila wanawake 100,000. Tafiti za kijamii, kwa wenye umri wa miaka 17 hadi 48, zilipata 2,070.

Mayfair inatukumbusha kwamba maneno ya swali hayasikiki peke yake. Husikika pamoja na sura ya anayeuliza. Mtaa huu ulianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makazi ya wafanyakazi Wazungu, karibu na machimbo ya dhahabu. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, familia za Kihindi za Pageview iliyo jirani zilihamishiwa Lenasia, mbali na jiji. Baadaye Wahindi walianza kuingia Mayfair kinyume cha sheria hiyo, wengine wakipanga nyumba kwa majina ya Wazungu, hadi ilipofutwa mwaka 1991. Tangu miaka ya 1990 wakaja Wasomali na watu wengine wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, ambao sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwaruhusu kuishi mjini bila kufungiwa kambini, lakini kwa vibali vya kuhuishwa mara kwa mara. Kwa vizazi viwili, basi, aliyebisha hodi akiwa na karatasi mkononi aliweza kuwa mtu wa kukufukuza. Dodoso linaloanza kwa lugha ya jinai na polisi mbele ya mwanamke wa mtaa kama huo linamwamshia hofu kabla swali lenyewe halijamfikia. Na likiletwa kwa lugha asiyoimudu, akategemea jamaa wa nyumbani kumtafsiria, huenda kinywa kinachomtafsiria ni cha yule yule anayemwogopa.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza inasema tofauti zile zinatokana na sampuli na vipindi, si maneno. Ni kweli kwamba tafiti za Afrika Kusini hazikufanana kwa kila kitu, na kwa hiyo haitoshi kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Lakini nchini Marekani Bonnie Fisher na wenzake walifanya tafiti mbili sambamba kwa wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu, moja ikieleza matendo na nyingine ikifuata mtindo wa uchunguzi wa uhalifu. Ya kwanza ilipata ubakaji uliotimia mara 11 zaidi ya ya pili. Pingamizi ya pili ni kwamba maswali mapana huvimbisha idadi, kwa kuhesabu hata yale ambayo mwanamke mwenyewe hayaiti ubakaji. Hoja hii ina ukweli ndani yake: swali la mtafiti Mary Koss kuhusu pombe, katika utafiti wake wa miaka ya 1980, lilikosolewa kwa utata, na baadaye yeye na wenzake wakalirekebisha. Ila dawa ya utata ni kueleza tendo kwa usahihi zaidi, na kosa hupimwa kwa kitendo na ukosefu wa ridhaa, si kwa jina alilolipa mhanga. Tena kuna ushahidi wa upande wa pili. Katika utafiti wa Baraza uliochapishwa mwaka 2009, wanaume wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal walijibu kwa siri kwenye vifaa vya kielektroniki, wakiulizwa juu ya matendo, na asilimia 27.6 walikiri kumbaka mwanamke au msichana. Hakuna mwanaume anayenufaika kwa kujizulia kosa hilo.

Kwa takwimu hizi hupangwa bajeti za kliniki, mafunzo ya polisi na vituo vya Thuthuzela vya kuwahudumia waliobakwa. Anayeamini kwamba nusu ya wahanga wanafika kituoni atatengeneza kituo na kuridhika. Anayejua kwamba ni mmoja kati ya 25 atalazimika kuwafuata wengine 24 walipo. Kwa hiyo kila anayetangaza idadi ya waliobakwa anapaswa kuchapisha, kando yake, swali lililoulizwa, lugha yake, na nani alikuwa chumbani lilipoulizwa. Bila hayo, wanawake wa Mayfair wataendelea kuhesabiwa kuwa salama kwa sababu tu waliulizwa vibaya.