Kinasa sauti kimeingia mfukoni

Mtu akisikia kwamba vijana wa hapa Nakivale wana studio, anakuja akitafuta mashine. Anakuta chumba kimoja cha udongo, blanketi limetundikwa ukutani ili sauti isirudi, na simu ya Android yenye kioo kilichopasuka. Mimi ndiye ninayewasimamia. Kila mara wananiuliza: "Kaka, nani alianza kutengeneza muziki na simu?" Nimeamua kujibu kwa maandishi, juu jibu lenyewe ni refu na linaanzia mbali na simu.

Tuanzie nyumbani Kongo. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, alianzisha kampuni ya santuri ya Ngoma huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Wendo Kolosoy alirekodi "Marie-Louise" hapo, na wimbo huo ukamfanya ajulikane mbali. Santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, basi wimbo mrefu ulipaswa kukatwa. Mashine ilikuwa ya mwenye kampuni, na yeye ndiye aliyeamua nani asikike.

Katanga kuna hadithi nyingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na vinasa sauti vyake, alimkuta kijana anapiga gitaa Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda. Wimbo wake "Masanga" ulisikika hadi Kenya, wapiga gitaa wakajifunza kwake. Mwenda tayari alikuwa na gitaa lake, vidole vyake na Kiswahili chake. Alichokosa ni mashine tu. Ilikuja na mgeni, na ikaondoka na mgeni.

Baadaye mashine zilianza kupungua ukubwa na bei. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ya Japani ilitoa Portastudio, iliyorekodi sauti nne kwenye kaseti ya kawaida, moja baada ya nyingine: leo gitaa, kesho ngoma, mwisho waimbaji. Mwaka 1997 Ubelgiji ikatoka FruityLoops, programu ya kompyuta ya kupanga midundo, ambayo leo inaitwa FL Studio. Halafu 2011 Apple wakaleta GarageBand kwenye iPad, na mwaka huohuo kwenye iPhone. Mmarekani Steve Lacy alitengeneza biti kwa iPhone yake, na moja ikaingia kwenye "PRIDE." ya Kendrick Lamar, ndani ya albamu ya DAMN. ya 2017. Vijana wangu wanaipenda sana hadithi hii. Wanasema: kumbe na sisi tunaweza!

Tunaweza, lakini sisi hatuna iPhone. Android ilikuwa na ugonjwa wake: unagusa ngoma kwenye kioo, sauti inatoka imechelewa. Kwa mtu anayepiga simu si kitu. Kwa mpiga ngoma ni kama kucheza na mlevi. Google walileta njia mpya ya kupitisha sauti, AAudio, katika Android 8 mwaka 2017, lakini simu za bei ndogo nyingi bado zinachelewa. Sisi tumejifunza kuizunguka shida hiyo. Hatupigi ngoma moja kwa moja. Tunajaza viboksi kimoja kimoja, kiki hapa, sineya pale, kisha simu yenyewe inaucheza mdundo. Kurekodi mdomo, mmoja anavaa headifoni, anasikia biti, anaimba chini ya blanketi. Apu tunayotumia zaidi ni BandLab ya Singapore. Ni ya bure, na inatunza kazi yako mtandaoni, kama una data.

Hapo kwenye data ndipo tulipoanguka.

Koko mmoja wa kutoka Fizi alikubali kutuimbia wimbo wa Kibembe wa kumsindikiza bibi arusi. Alikuja siku mbili. Ya kwanza kuku waliharibu kila kitu, ya pili ikatoka safi kabisa. Vijana waliweka besi chini yake, polepole, bila kumfunika. Tulipomsikilizisha alicheka, akaniuliza: "Mwanangu, kumbe naingia yote humu?" Nikamjibu: "Yote, koko."

Data ilikuwa imeisha. Niliwaambia vijana tutapandisha wiki ijayo, na kwamba nitanunua memori kadi. Sikununua. Mwenye simu aliiuza mama yake alipougua, na mimi ningefanya vilevile. Simu ikafutwa, ikaenda na mwenyewe mpya. Nilipomrudia koko, alijaribu. Aya mbili zilitoka, ya tatu ikakataa. Akasema wenzake aliokuwa akipokezana nao kuimba walibaki Fizi, na peke yake hawezi kuikumbuka.

Tangu siku hiyo namfikiria Tracey kwa njia nyingine. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Humo kila wimbo una kadi yake: nani aliimba, wapi, kwa lugha gani. Alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni na mengi tunaweza kumuuliza. Lakini sauti ya Mwenda ya 1952 ipo, na ya koko wetu haipo. Tumepata kinasa sauti, tukasahau kabati.

Sasa tuna sheria. Wimbo ukimalizika tunautoa kama WAV, ambayo inakula kama MB 10 kwa kila dakika, na nakala zinakaa kwenye kadi mbili katika nyumba mbili tofauti. MP3 ndogo ndiyo ya kurushiana kwa Bluetooth. Halafu kuna daftari: jina la mwimbaji, lugha, kijiji alikotoka, nani alitengeneza biti, tarehe, na kama mwimbaji ameruhusu wimbo utoke nje.

Daftari hilo wanaliandika vijana wenyewe. Ukurasa wa kwanza una jina la koko, na mbele yake wameandika: aya mbili, ya tatu bado tunaitafuta. Kama wewe msomaji umetoka Fizi na mama yako alikuwa akiimba harusini, tafadhali muulize.